Mtani Haombwi Radhi

Isevya, Tabora
4 Februari 2024

Mke wangu mdogo Tunu, mwenye miguu ya vijiti vya kiberiti,

Marahaba. Naitikia kabla hujaamkia, maana shikamoo yako siku hizi hutoka kwa shida kama haja ya mtu aliyefunga choo.

Sisi hatujambo. Bibi yako Swaumu, mke mwenzio, magoti yanamuuma, mdomo hauumi. Mvua inanyesha, mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kiunoni, nasema kiuno changu, wewe huna. Yule jogoo mwekundu kachukuliwa na kicheche. Masikio yangu ndiyo yamefunga duka kabisa. Ukigonga bati miaka hamsini, ukitengeneza ndoo na koroboi za watu, Mungu anaona umeshasikia ya kutosha. Ile simu uliyoniletea Swaumu anaifanya tochi ya kuendea msalani. Kwa hiyo tutaandikiana, mimi na darasa la nne langu, wewe na digrii yako, tuone nani ataishiwa maneno kwanza. Barua nampa Modest wa kwenye treni, ataishusha Dodoma na kukuletea mkononi.

Sasa. Wewe uliondoka kesho yake ya maziko ya Shaban, mbio mbio, hata chai hukumaliza. Ngoja nikupe yaliyofuata.

Ulimwona mwanawe Sabiri alivyonisukuma. Nilikuwa nimelishika jeneza la baba yake, nimevaa suruali ya baba yake, nachechemea kama baba yake, nawaambia wabebaji: "Msimbebe mvivu huyu! Miaka thelathini kala mshahara wa reli amekaa, leo tena anataka apelekwe? Ashuke atembee!" Wazee wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nikasema siachii mpaka nipewe kuku. Mimi Mnyamwezi, Shaban Mzaramo, hiyo ndiyo kazi ya mtani. Yeye alishaniahidi siku yangu ikifika ataniita mpagazi mbele ya imamu. Basi yule kijana wa Dar es Salaam, na miwani yake ya jua ndani ya msiba, akanisukuma nikala ukingo wa baraza. Meno mawili. Swaumu anasema sasa nikicheka naonekana kama geti la stesheni.

Hayo si kitu. Wiki iliyopita watoto wa madrasa wakaja kunionyesha kwenye simu: mimi huyo, navuta jeneza, namtukana maiti. Kipande kifupi, dakika hakifiki. Juu yake maandishi: MZEE ALIYELEWA AVAMIA MSIBA, AMTUKANA MAREHEMU. Mimi mlevi! Pombe niliachana nayo kabla baba yako hajazaliwa. Wanasema kimetazamwa na watu laki tisa. Nusu wanataka nifungwe, nusu wanataka nife. Msikitini nikikaa, safu inapungua upande wangu. Na Sabiri kazini kwao wanamcheka, kwa hiyo amemleta mwenyekiti wa mtaa mpaka mlangoni kwangu: niombe radhi mbele ya watu, ama nisikanyage tena kwao, iwe kwa harusi iwe kwa msiba.

Dawa ni moja. Suruali ile sikuiiba. Aliitoa Hafsa mwenyewe, mke wa Shaban. Alikuwa chumbani, na chumbani mlikuwa watatu tu, yeye, Swaumu na wewe. Swaumu anasema simu yako ilikuwa juu toka asubuhi kama taa ya barabarani, na ulimrekodi Hafsa akiitoa suruali sandukuni, anacheka huku analia, anasema: "Mpelekeeni Mnyamwezi wangu aivae. Mume wangu asiondoke bila kutukanwa." Swaumu akisema hayo wanamjibu kwamba ni mke wangu. Hafsa yuko edani, hawezi kwenda kukaa mbele ya wanaume. Imebaki simu yako. Tuma kipande hicho kwa mwenyekiti, watu wakione, yaishe.

Na ule ugali ushibe. Upepo wa Dodoma mkali, nisije nikaletewa viatu peke yake.

Mumeo,
Adinani


Dodoma
1 Machi 2024

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Umeona, imetoka bila shida. Natumaini bibi hajambo, nimempa Modest dawa ya kuchua ya magoti, asiichanganye na ile ya kikohozi. Huku joto ni kali, zabibu zinauzwa kila kona. Nimehamia chumba chenye maji ndani. Bado niko kwenye majaribio kule kwenye televisheni ya mtandaoni niliyokueleza. Mwezi wa nne ndio wataamua kama wananiajiri. Barua yako ilifika mapema ila kazi zimenibana, nisamehe.

Pole sana kwa meno. Kuhusu nilichorekodi, babu, simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo ya maji wiki ile ile niliyorudi. Kila kitu kimepotea, hata picha za mahafali yangu. Nimeumia mno.

Lakini kwani kuomba radhi kuna ugumu gani? Ni neno moja. Najua kwako ni utani, sikatai. Ila Sabiri amekulia mjini, hayo hayajui. Amefiwa na baba yake, anamwona mtu amevaa nguo za baba yake, anaigiza kilema cha baba yake. Hata mimi ningeumia. Alikosea kusukuma, hakukosea kuumia. Siku hizi mtu akifiwa anapewa pole na nafasi ya kulia. Mnachokiita utani, wenzetu wanakiita udhalilishaji, na ukweli ni kwamba wao ndio wengi sasa.

Omba radhi yaishe, urudi msikitini kwa amani. Msalimie bibi.

Mjukuu wako,
Tunu


Isevya, Tabora
9 Machi 2024

Mke wangu Tunu, mjane wa simu,

Pole kwa msiba. Imekufa maji ingali changa. Ungetuletea tuizike huku, ningekaa kimya kabisa, Sabiri angenipenda.

Swaumu amechua magoti, sasa ananuka kama duka la Mhindi lakini anatembea. Mwezi wa Ramadhani unaandama siku mbili tatu zijazo. Habari mbaya ni ya Hafsa. Jumanne alipigwa kiharusi. Mdomo umekwenda upande, neno halitoki. Swaumu alikwenda kumwona, wakashikana mikono tu. Basi, shahidi wangu aliyekuwa na ulimi hana ulimi, na shahidi wangu mwingine ni ndoo yako ya maji.

Unasema ni neno moja. Kaa chini nikufundishe bure, walimu wako hawakukufikia huku.

Babu yake babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, miezi mitatu kwa mguu. Mwenzao akifa kule karibu na bahari, ndugu hana, nani anamfukia? Mzaramo wa pale. Hakujui, hakudai, anakuosha na kukufukia. Naye akija huku akifa, wewe humwoshi? Sasa watu mliooshana maiti hamwezi tena kupeana heshima za sebuleni. Mnatukanana. Nikimwambia Shaban mla papa mchafu wewe, nimemwambia wewe ndiye utakayenifukia. Tafadhali na samahani tunawaachia watu wa mbali.

Nikiomba radhi, nimesema nini? Nimesema lile lilikuwa tusi la kweli. Nimesema miaka hamsini na mbili mimi na Shaban tulikuwa tunachukiana hadharani. Sikiliza. Siku tuliyomzika baba yako, Shaban ndiye aliyeshika jembe. Yuko ndani ya shimo, jasho linamtoka, ananipigia kelele: "Mpagazi wewe! Hata kuzaa hujui, unazaa watoto wasiodumu!" Watu wakashika vinywa. Mimi nikacheka. Nilikuwa sijala siku mbili, sijalia, nimekuwa kama gogo, na mwanaharamu yule akanichekesha, na machozi yakapata njia. Ndiyo leo niseme alikuwa adui?

Haya, tuache kuchezeana. Mimi ni kiziwi, si kipofu. Kile kipande nimekitazama mara ishirini. Pembeni kushoto kuna nondo mbili na pazia la maua. Ni dirisha la chumba cha Hafsa. Hafsa hana simu, Swaumu ana tochi. Nilijua kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Nilitaka tu nipime utaongopa vizuri kiasi gani. Umeongopa vibaya. Baba yako akiwa na miaka saba alikuwa anaongopa vizuri kuliko wewe na digrii.

Na hilo la mzee aliyelewa nimelipenda, lina kichwa. Ungenitukana hivyo usoni ningekupa kuku mzima. Umenitukana kwa watu laki tisa kisha ukanitumia dawa ya magoti.

Tuma kipande kilichobaki. Nataka kufuturu na majirani.

Adinani, mumeo wa gazetini


Dodoma
2 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Idd imepita sikukuandikia. Natumaini mlifunga salama, na kwamba bibi Hafsa anapata nafuu. Mimi mzima wa afya.

Ni kweli. Ni mimi. Yale maandishi ya juu waliyaweka ofisini, mimi sikuandika mlevi. Hapana. Niliyaandika mimi, nimechoka kuongopa. Nilikuwa nimeambiwa nilete kitu cha kutazamwa ama nisirudi. Nilikirusha nikiwa kwenye treni, hata Manyoni hatujafika. Nilijua watu elfu moja watacheka, basi.

Kwa kipande kile wameniajiri. Hawajui kwamba wewe ni babu yangu, wala hawajui kwamba nilikata mwanzo wake. Nikitoa sehemu ya bibi Hafsa na suruali, swali la kwanza litakuwa kwa nini sikuitoa tangu mwanzo, na kazi imekwisha siku hiyo hiyo. Darasa letu tulihitimu mia na arobaini. Wenye kazi nawahesabu kwa vidole.

Na mimi nikuambie jambo. Siku ya baba nilikuwa na miaka sita. Nilisimama mlangoni na bibi, nikasikia mtu anatukana, nikawaona mmerudi kutoka makaburini, wewe na babu Shaban mmeshikana mabega mnacheka. Baba yangu yuko ardhini na babu yangu anacheka. Nimekaa na hilo miaka kumi na tisa. Nilikuwa nikimwona babu Shaban anakuja kwetu natokea mlango wa nyuma. Hakuna aliyeniita akanieleza. Umenieleza mwaka huu, kwa sababu una shida na simu yangu. Nyinyi wazee mnajua mambo, mnayakalia, halafu mnatucheka kwamba hatuyajui.

Simu haikudumbukia popote. Kipande nilikuwa nacho mpaka jana. Jana nimekifuta, kila mahali kilipokuwa, ili nisije nikalegea. Hakipo tena, usiniandikie kuhusu hilo.

Omba radhi, babu. Ni maneno tu.

Tunu


Isevya, Tabora
21 Mei 2024

Mke wangu mfutaji,

Marahaba. Swaumu hajambo. Mahindi tumevuna magunia manne, panya wamelipwa zaka yao.

Barua yako nimeipenda kuliko zote. Nimemsomea Swaumu mara mbili, mara ya pili akaniambia ninyamaze. La siku ya baba yako ni kweli. Nilidhani mtoto anayajua hayo kama anavyojua kutembea, anaamka tu siku moja anayajua. Mimi Shaban alinipa dawa, wewe sikukupa. Hapo umenipiga, na meno ya kung'oka sina.

Hafsa amekufa Jumamosi.

Nilivaa vizuri. Maneno yake nilikuwa nimeshamtayarishia toka siku alipopooza: kwamba haraka yote hii ni wivu, amesikia huko peponi kuna mahurulaini, anamfuata Shaban akampekue mifuko. Nilitaka kumfunga Swaumu kanga ya Hafsa aingie nayo uani. Tukafika mlangoni, Sabiri kasimama na mwenyekiti. Akaniambia kitu, sikusikia. Akaniandikia kwenye simu kwa herufi kubwa: OMBA RADHI AU RUDI.

Nikawatazama wazee. Wale wale waliofuta machozi kwa kucheka siku ya Shaban. Kila mmoja anatazama viatu vyake, na nyuma ya kila mmoja kuna mjukuu ana simu. Nikasema moyoni, Adinani, ukirudi nyumbani Hafsa anazikwa hana mtani. Ukiomba radhi unaingia, lakini atakayeingia si mtani. Yule mtoto wala hakujua ananiuliza nini. Alikuwa na uso wa mtu mwema kabisa.

Wewe ungechagua lipi? Usinijibu, najua.

Nilisema. "Naomba radhi kwa kumtukana marehemu Shaban." Akaashiria niseme kwa nguvu, vijana wanarekodi. Nikasema tena. Na kiziwi akisema kwa nguvu, Tunu, mtaa mzima unasikia. Wakanifungulia. Nikakaa mkekani pamoja na watu, nikasema poleni, Mungu awape subira. Wengine walisema hivyo hivyo. Swaumu alirudi na kanga mkononi. Hafsa, mwanamke aliyekuwa akinirushia maji ya vyombo kila akiniona napita, amezikwa kimya kama abiria asiyejulikana aliyeshushwa stendi ya Igunga. Mwisho Sabiri akanipa mkono. Swaumu ndiye aliyenieleza alichosema: "Umeona, babu? Heshima haina hasara."

Nimekula wali wao. Ulikuwa mzuri.

Ulisema ni maneno tu. Nimekusikia.

Adinani


Dodoma
12 Juni 2024

Mume wangu kibogoyo,

Shikamoo, ingawa mume haamkiwi. Bibi Swaumu mke mwenzangu aache kukupikia vitu vigumu, akusagie kama mtoto. Naona hilo geti la stesheni lilivyobaki wazi, nzi wanapita bila tiketi.

Sijui kama nimetukana vizuri. Ni mara yangu ya kwanza, nimefuta mara nyingi.

Babu, ile video ya wewe mlangoni kwa Sabiri ilifika ofisini kwetu siku ile ile. Msimamizi akanipa mimi niiandikie kichwa, kwa vile ile ya kwanza nilileta mimi. Ningeweza kusema naumwa. Nimeandika: MZEE WA MSIBANI AJUTA, AOMBA RADHI HADHARANI. Imetazamwa kuliko ya kwanza. Nimepongezwa mbele ya wenzangu, wakanipigia makofi, na mimi nikacheka. Nilicheka kweli, babu, sijui kwa nini. Nilikuwa natamani atokee mtu mmoja mle ndani anitukane.

Nimeomba likizo. Nitakuja Julai, siku tano. Nikifika nitukane unavyotaka, mbele ya bibi, mbele ya majirani, mbele ya Sabiri. Niite chochote. Nitasimama uani nisikilize mpaka uchoke. Niandikie hata sasa, anza na miguu.

Mkeo mdogo,
Tunu


Isevya, Tabora
30 Juni 2024

Kwa Bi Tunu,

Assalaam alaykum.

Nimepokea barua yako ya tarehe 12 Juni, nakushukuru kwa kuiandika. Natumaini wewe pamoja na wenzako wa kazini mnaendelea vizuri. Sisi huku tu wazima. Bi Swaumu anakusalimu. Mvua zimekwisha na asubuhi kuna baridi kidogo, hivyo ni vyema uje na nguo nzito.

Tumefurahi kusikia kwamba unakusudia kututembelea. Karibu sana. Chumba cha wageni kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa. Kama kuna chakula usichotumia, tafadhali tujulishe mapema.

Katika barua zangu za nyuma niliandika maneno yasiyofaa kuhusu miguu yako, elimu yako na mambo mengine. Haikuwa heshima kukuandikia namna hiyo. Naomba radhi.

Utuarifu pia siku ya treni utakayokuja nayo, ili nimwombe mtu akupokee stesheni na kukuonyesha nyumba.

Wako katika heshima,
Adinani Shomari